Uzi: Projekta kwenye studio ya uchoraji, ilivyonisaidia na ilivyoniharibia sura ya bibi wa watu

Brashi Nane (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za leo. Swali la projekta linarudi humu kila baada ya muda. Mmoja anauliza anunue ipi, mwingine anamjibu kwamba mchoraji anayetumia projekta hajui kuchora, na mazungumzo yanafia hapo. Mimi nachora picha za watu, pia kuta za shule na zahanati, na projekta ninayo studio mwaka wa sita sasa. Naomba nieleze ninavyoitumia ili anayetaka kununua ajue anaingia kwenye nini.

Naanza na kosa, kwa sababu ndilo lililonifundisha.

Mwaka wa kwanza nililetewa kazi ya bibi mmoja aliyekuwa anatimiza miaka 80. Familia ilinitumia picha ya simu, amepigwa na mjukuu wake, imetoka safi, mikunjo yote inaonekana. Nikairusha kwenye kanvasi ya sentimita 120 kwa 90, nikafuata kila mstari kwa penseli, kisha nikapaka rangi wiki mbili. Siku ya kukabidhi wakaja watu watano na bibi mwenyewe. Wakasimama kimya. Binti yake mkubwa akasema, "Ni mama, lakini siye." Bibi akainua mkono, akagusa pua yake.

Usiku ule sikulala. Nikachukua picha ile ya simu nikaanza kuipima. Mjukuu alikuwa amesimama karibu sana, ncha ya pua iko kama sentimita 40 kutoka kwenye lenzi. Masikio yako nyuma ya pua kwa sentimita 12 hivi, kwa hiyo kamera iliyaona kutoka 52. Kilicho karibu hutoka kikubwa. Gawanya 52 kwa 40, utaona pua imekuzwa kuliko masikio kwa asilimia 30. Paji la uso limeviringika kama chungu, masikio yamekimbilia nyuma. Kwenye kioo kidogo cha simu hukioni kitu, macho yameshazoea picha za aina hiyo. Ukiirusha iwe kubwa kuliko mtu mwenyewe, na ukaifuata kwa uaminifu kama nilivyofanya, unaandika uongo wa kamera kwa mkono wako.

Nilikwenda nyumbani kwa yule bibi, Temeke. Nikakaa naye saa nzima nikimchora kwa penseli kwenye daftari, ananisimulia habari za marehemu mumewe. Baada ya hapo ndipo nikampiga picha, nimesimama mita 2 na nusu, lenzi imevutwa, simu iko usawa wa macho yake. Kwa umbali huo tofauti ya pua na masikio inashuka chini ya asilimia 5. Nikaanza kanvasi mpya, gharama zangu. Ya pili ndiyo iko sebuleni kwao.

Tangu hapo nimeshika jambo moja: projekta inakuonyesha kamera iliona mstari wapi. Kama mstari huo unastahili kubaki hapo ni kazi yako kujua, na utajua tu kama umemwangalia mtu mwenyewe.

Sasa jinsi ninavyoipanga. Projekta yangu ni ya mkono wa pili, ilikuwa ya ofisi, lumeni 3000 (lumeni ni kipimo cha mwanga inaotoa). Iko juu ya rafu niliyoigongomea ukutani. Zamani niliiweka juu ya stuli. Ukiigusa stuli kwa goti mara moja, kazi yote imehama. Dirishani naning'iniza khanga mbili, moja juu ya nyingine. Naiwasha dakika 20 kabla ya kuanza, kwa sababu lenzi ikipata joto ukali wa picha unabadilika kidogo, na ukianza mapema jicho la kushoto utalichora kwa ukali mmoja na la kulia kwa mwingine.

Kanvasi lazima isimame wima kabisa. Naipima kwa pima maji kama fundi wa milango. Stendi nyingi za kuchorea zinalala nyuma, na kanvasi ikilala nyuma juu yake kunakuwa mbali zaidi na projekta, basi picha inatanuka juu. Mtu anatokea na kichwa kipana na kidevu chembamba, wewe unalaumu jicho lako. Kuna kitufe cha kunyoosha, wenyewe wanakiita kistoni. Mimi nakizima, pamoja na ile kistoni inayojirekebisha yenyewe. Kitufe kile hakisogezi lenzi. Kinabana picha kwa hesabu na kutupa sehemu ya doti zake. Sogeza mashine yenyewe mpaka inyooke.

Kupima ni rahisi. Narusha kwanza mstatili mtupu unaolingana na kanvasi yangu, 120 kwa 90, halafu napima kwa futi pande zote nne, kisha kutoka kona hadi kona inayoitazama, mara zote mbili. Pande zinazotazamana zikilingana, na kona kwa kona zote mbili zikitoka sentimita 150, niko sawa. Moja ikiwa 150 na nyingine 148, sishiki penseli. Nikishamaliza naweka misalaba midogo minne kwenye pembe za kanvasi, na misalaba hiyo hiyo iko kwenye picha yenyewe, ili siku nikihitaji kuirusha tena ikae palepale.

Ninachofuata ni kidogo. Pembe za macho, mstari wa kati wa midomo, kidevu, sikio, ukingo wa nywele, na mpaka wa kivuli kikubwa. Dakika 15 zinatosha. Kisha nazima, nafungua dirisha, nachora.

Kuna matumizi mengine ambayo sioni watu wakiyataja, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko kunakili. Mwaka jana nilikuwa na picha ya wavuvi wa Kunduchi, imekaribia kwisha, ila anga la kulia lilikuwa tupu na likinisumbua. Nikaipiga picha kazi yenyewe, nikachora ngalawa kwenye tableti, nikaizungushia weusi mtupu, nikairusha juu ya kanvasi yenye rangi. Weusi kwa projekta ni kukosekana kwa mwanga, kwa hiyo ikaonekana ngalawa peke yake inaelea kwenye anga langu. Nikaikuza, nikaipunguza, nikaisogeza karibu na mstari wa maji. Niliyoipenda mwisho ilikuwa ndogo kama kidole gumba, na mwanzoni nilikusudia kuipaka kubwa mara nne. Jioni nzima nilikuwa nabadilisha mawazo bila kutumia rangi hata tone.

Karibuni. Wenye uzoefu mwingine leteni.

Binti Kanvasi (Mwanza)

Asante sana kaka, hiyo ya pua imenigusa, nina picha mbili za wateja zenye shida hiyohiyo na nilikuwa sijui chanzo. Mimi ninaanza. Chumba changu ni mita 3 kwa 3. Nimeona projekta ndogo za bei nafuu zimeandikwa lumeni 9000 kwenye boksi. Mbona yako ya ofisi ni 3000 tu na ni kubwa? Na nitapata picha ya upana wa mita moja kwenye chumba hicho?

Fundi Lenzi (Dodoma)

Dada, hii ni kazi yangu, natengeneza mashine hizi. Namba ya kwenye boksi usiishike. Tafuta palipoandikwa lumeni za ANSI, hicho ndicho kipimo kinachofuata utaratibu unaojulikana. Zile ndogo ukizipima kwa ANSI nyingi zinacheza kwenye mia moja, mia mbili.

Usivunjike moyo lakini. Piga hesabu hivi: lumeni gawanya kwa eneo la picha kwa mita za mraba. Ukiwa na lumeni 150 za kweli, na picha ya mita 1 kwa sentimita 75, eneo ni 0.75, unapata lumeni 200 kwa kila mita ya mraba. Kwenye chumba kilichofungwa giza unachora vizuri kabisa. Mashine hiyohiyo ukiipeleka kwenye ukuta wa mita 6 kwa 4, eneo ni 24, unapata 6. Hapo taa yoyote ya karibu inakushinda. Kwa hiyo kwa kanvasi za ndani ndogo inatosha, kwa ukuta usinunue.

Umbali nao una hesabu yake. Angalia uwiano wa kurusha kwenye karatasi ya maelezo. Ukiwa 1.4, picha ya upana wa mita 1 inataka mashine iwe mita 1.4 kutoka kwenye kanvasi. Chumba chako kinatosha na nafasi inabaki.

Tena angalia rezolusheni halisi, yaani idadi ya doti za picha, siyo ile "inayokubali". Boksi linaweza kusema inakubali 1080, kumbe kioo cha ndani ni doti 800 kwa 480. Doti 800 zikitandazwa kwenye mita 1, kila doti ina upana wa milimita 1.25. Ya doti 1280 inakupa chini ya milimita moja. Mstari wako hauwezi kuwa sahihi kuliko doti. Kwenye uso wa mtu, milimita moja kwenye pembe ya mdomo inabadilisha tabasamu.

Mwalimu wa Miraba (Unguja)

Wanangu, nimesoma yote kwa utulivu. Mie nimesomesha uchoraji skuli miaka 31, sasa nimestaafu. Naomba mnisikilize na mie.

Mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965, alikuwa na neno lake ambalo wachoraji wote wa rika letu walilijua: kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Nililibandika ukutani darasani kwangu. Sikuwa na maana kwamba mtoto asitazame kitu. Nilikuwa na maana asiufuate mstari wa mtu mwengine kwa upofu.

Nikitaka kukuza mchoro nilikuwa napiga miraba. Miraba midogo kwenye karatasi, miraba mikubwa ukutani, namba juu na herufi pembeni. Kazi ya nusu siku. Lakini katika nusu siku ile mwanafunzi anakuwa ameshaujua uso wote, kila mraba ameuuliza: mstari unaingia wapi, unatokea wapi? Vijana wanaokuja kwangu siku hizi na michoro ya projekta, nikiwauliza mfupa wa shavu uko wapi hapa, wananitazama. Wamechora ukingo wa kivuli, hawajui kivuli kimeletwa na nini. Hili linaniuma khasa, kwa sababu wana mikono mizuri.

Brashi Nane (Dar es Salaam)

Shikamoo mwalimu. Ulilosema la mfupa wa shavu ni kweli tupu, na mimi kwenye picha ya kwanza ya bibi nilikuwa mmoja wa vijana hao.

Nina kijana ninayemfundisha hapa studio. Projekta hajaigusa. Nimemwambia anichoree kwanza vichwa 100 kwa jicho, watu wa kituo cha daladala, wauza matunda, yeyote. Amefika 63. Nikimpa mashine leo atachora vizuri wiki hii na hatakua miaka kumi.

Ila mwalimu, naomba nitofautiane nawe kidogo kuhusu mtu aliyekwishajua. Kurusha picha ili kuchora hakukuanza na sisi. Mchoraji Norman Rockwell wa Marekani alikuwa na mashine ya kurushia iliyoitwa Balopticon, akaitumia miaka mingi, na mwenyewe hakuwa na raha ya kuitegemea. Lakini ukiangalia utaratibu wake, kabla ya rangi alikuwa anachora mchoro mzima wa mkaa wa ukubwa uleule wa kazi, anabadilisha sura, anahamisha mikono. Audrey Flack, mchoraji mwingine wa Marekani, miaka ya 1970 alikuwa anarusha slaidi kwenye kanvasi na kupaka kwa bomba la hewa linalopuliza rangi, na kazi zake ukiziona huwezi kusema ni picha ya kamera imekuzwa, rangi zinawaka kuliko kitu chenyewe. Hao mkono ulikuwa tayari unajua, mashine ikawapunguzia kupima.

Upande wa pili, angalia Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar mwaka 1968, hadibodi za mraba na rangi za kung'aa, na ule mstari wa chui au ndege unatoka begani kwa mkupuo mmoja. Ukimrushia mchoraji wa Tingatinga picha ya chui ukutani aifuate, umemfunga mkono. Kazi ile haina haja ya projekta na ingeharibika kwayo. Mimi nachora sura ya mtu ambaye watoto wake watasimama mbele ya picha na kusema ni yeye au siye. Hapo milimita zina maana.

Mtu wa Kuta (Mombasa)

Mambo ya hapa mazuri. Mimi kazi yangu ni kuta tu, za shule, za hoteli, za maduka. Niongeze upande wa nje.

Kwanza, nje ni usiku. Hesabu ya Fundi Lenzi ni sawa: lumeni 3000 kwenye ukuta wa 6 kwa 4 unapata 125, na taa ya barabarani iliyo karibu inakula yote. Tunaanza saa mbili usiku, tunaomba taa za geti zizimwe. Pili, kivuli chako. Ukisimama kwenye jukwaa la mbao unaziba picha yote. Inua mashine juu, isogeze ubavuni kidogo, na uchore ukitokea upande wa pili. Tatu, ukuta wa matumbawe au wa plasta ya zamani hauko sawa, una matumbo. Mstari ulionyooka kwa mwanga ukiutazama mchana kutoka upande mwengine unaonekana umepinda. Baada ya kurusha, asubuhi yake rudi na uzi wa chokaa uhakikishe mistari mirefu.

Na watoto. Shuleni usiku watoto wa jirani hukusanyika, na kitu cha kwanza wanachofanya ni kutazama ndani ya lenzi. Weka mtu mzima akae kando ya mashine muda wote. Hili silichezei.

Lakini niwaambie ukweli, kuta kubwa nimeacha kutumia projekta. Sasa napaka ukuta alama za ovyoovyo, herufi, duara, mkia wa samaki, chochote, ukuta wote. Nauchukua picha kwa simu, naweka mchoro wangu juu ya picha ile, nafanya mchoro upitishe mwanga. Nikitazama simu naona jicho la mwanamke liko baina ya herufi K na mkia wa samaki. Nalichora hapo. Nafanya kazi mchana, bila jenereta, bila kumfukuza mtu. Mwalimu wa Unguja, ukiiangalia vizuri ni miraba yako ileile, ila miraba isiyonyooka.

Binti Kanvasi (Mwanza)

Nimejifunza mengi leo. Swali la mwisho, umeme huku unakatika ghafla. Inaharibu mashine? Na vumbi?

Brashi Nane (Dar es Salaam)

Ya taa ya zamani ndiyo ya kuogopea. Ukiizima kawaida, feni inaendelea kuzunguka dakika moja au mbili kupoza taa. Umeme ukikatika feni inasimama taa ikiwa bado ya moto, na hiyo inafupisha maisha yake. Mimi nimeiunganisha kwenye UPS ndogo ya kompyuta, ile betri ya akiba, inanipa muda wa kuizima kwa utaratibu. Za LED zinavumilia zaidi, ila umeme ukirudi kwa kishindo unaua chochote, kwa hiyo tafuta kinga.

Vumbi ni somo nililolilipia. Nilikuwa nasugua msingi mweupe wa kanvasi kwa msasa huku projekta imewashwa mita 2 kutoka hapo. Feni inavuta hewa, na ile poda ikaingia yote. Kesho yake kila picha niliyorusha ilikuwa na wingu la rangi ya zambarau upande wa kushoto. Fundi aliifungua akanionyesha: poda nyeupe imekaa juu ya kioo cha ndani. Tangu siku ile msasa naupigia nje, na vanishi ya kupuliza vilevile. Mashine isipotumika naifunika kwa mfuko wa mto. Chujio nalitoa kila mwezi, nalipiga kwa brashi kavu.

Mwalimu wa Miraba (Unguja)

Wanangu, nimerudi. Mjukuu wangu ana projekta ya kutazamia mpira. Jana usiku nilimwomba, nikafanya kile kipimo cha kona kwa kona, kanvasi 120 kwa 90. Upande mmoja nilipata 150, wa pili 151 na kidogo. Nimeisogeza mashine mara tano ili mwanga ulingane na kingo za kanvasi, haitaki. Stendi iko wima, nimetia pima maji. Kosa liko wapi?

Brashi Nane (Dar es Salaam)

Mwalimu, pima kanvasi yenyewe kona kwa kona, bila mwanga. Fremu nyingi za mbao laini zinapinda zikivutwa kitambaa.

Mwalimu wa Miraba (Unguja)

Nimepima sasa hivi. Ni 149 na 151. Kanvasi hii nimechorea miaka minne, na mlango wa nyumba niliouchora humo nimeusahihisha mara tatu nikidhani ni jicho langu linazeeka. Mjukuu wangu ameshaleta nyundo, tunaing'oa misumari.